Udongo Mwekundu Si Mmoja

Apitaye barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, huona kingo za udongo mwekundu, akadhani kwamba wekundu ule ni mmoja. Mwenye kupaka ukuta hakubali. Upo wekundu wa joto, unaoelekea rangi ya chungwa, na upo wekundu wa baridi, unaoelekea zambarau. Joto hilo si la kupimwa kwa mkono. Ni la macho.

Pale Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, mke wa askari polisi mmoja alilijua jambo hili kwa shida. Siku ya kuondoa matanga ya babamkwe wake ilikaribia, na jamaa walitarajiwa kutoka pande zote mbili za mpaka. Mvua ilikuwa imeuchubua ukuta wa nyumba ya marehemu, na kopo la rangi ya dukani lingemeza karo ya mtoto. Basi akachota udongo ukingoni mwa barabara, akautwanga, akauchekecha, akauchanganya na uji mwepesi wa muhogo ili ushike, akapaka. Ulipokauka, ukuta uliwaka kama wa hoteli. Mamamkwe alitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, nyumba hii ina msiba. Rangi hii inacheka."

Mkono haukukosea, udongo ndio ulivyokuwa. Kinachoupa udongo rangi ni chuma kilichoungana na oksijeni, jamaa ya kutu. Madini ya hematiti hutoa wekundu; gothaiti, yenye maji ndani yake, hutoa manjano. Udongo ule ulikuwa na manjano mengi, ndiyo sababu ukaelekea chungwa. Ukubwa wa chembe nao una neno lake: hematiti ya chembe ndogo mno hung'aa, ya chembe kubwa huelekea zambarau. Kwa hiyo anayetwanga zaidi akitaka kuipoza rangi hujichosha bure. Wala kuukaanga udongo wa manjano kigaeni hakuleti baridi: kwenye joto la digrii 300 hivi gothaiti hupoteza maji yake ikawa hematiti, na wekundu ndio huzidi. Wekundu wa jamaa hiyo ndio uliochorwa zamani kwenye miamba ya Nyero, Kumi, na ya Kondoa nchini Tanzania, na ungali unaonekana.

Mke yule akatafuta udongo wa pili, mzito, wa rangi iliyoiva. Hakuamini kumbukumbu ya macho. Alipaka viraka vitatu, kimoja kando ya kingine: udongo wa kwanza, wa pili, na wa pili uliotiwa konzi ya unga wa makaa. Chokaa aliiacha, kwani nyeupe huipoza rangi lakini huifanya ya waridi. Akangoja vikauke, maana udongo mbichi hudanganya kwa weusi. Akavitazama asubuhi, kisha adhuhuri kivulini, ambapo nuru ya anga ina ubuluu na hupoza kila kitu, kisha usiku kwa taa ya mafuta, ambayo huongeza manjano. Wageni wa matanga hukesha. Rangi ya usiku ndiyo watakayoiona zaidi.

Kiraka cha tatu ndicho kilichotulia hata taani. Mamamkwe alikigusa kwa kidole, akaitikia kwa kichwa. Ukuta ukapakwa mara mbili kabla ya jamaa kuwasili. Udongo uliobaki, ule unaocheka, ulipakwa jikoni.