Ahadi Niliyoivunja Siku ya Harusi Yangu



Kila wiki hapa tunazungumza singo, magauni, mafuta ya nywele na namna ya kuishi na wakwe. Leo naomba niandike jambo nililolificha miaka mitatu. Linahusu harusi yangu, mdogo wangu, na bendi yake ya wasichana watano. Naliandika kwa sababu Mfunguo Mosi umekaribia, kumbi zimeshaanza kushikwa, na huenda kuna mmoja wenu yuko mbioni kufanya kama nilivyofanya mimi.

Mdogo wangu anapiga ganuni. Alijifunza hapa Mjini, kwenye kile chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa ndani ya jengo kongwe la forodha pale Mizingani. Huko ndiko alikokutana na wenzake: mmoja wa fidla, mmoja wa akodiani, mmoja wa dumbak na mmoja mwenye sauti. Walianza kukutana nyumbani kwa Bibi, Mkunazini, kwenye chumba cha juu. Wakianza baada ya Alasiri, na Magharibi ikiadhiniwa vyombo vinafunikwa, wanashuka chini kutia udhu. Bibi alikuwa akiwapelekea chai na mikate ya mofa, huku akinung'unika kwamba masikio yake yamechoka. Siku wasipokuja, yeye ndiye wa kwanza kuuliza, "Kwani wale watoto wako wapi?"

Hawakuwa na mfadhili wala meneja. Nyimbo walitunga wenyewe. Ganuni yenyewe ilikuwa ya kuazima, na uzi ukikatika ni mchango.

Kazi ilikuwa kupata pa kupigia. Vikundi vikubwa vya taarab vina wakongwe wake, na kijana anayeingia hukaa nyuma miaka mingi kabla hajasikika. Walijaribu hoteli moja ya shamba, upande wa pwani. Malipo yalikuwa mazuri, lakini waliwekwa karibu na kaunta ya pombe, na wageni walikuwa wakila na kuzungumza kama vile imewashwa redio. Baada ya jioni mbili wanne wakasema basi. Yule wa dumbak alitaka waendelee, maana yeye ndiye anayemsomesha kaka yake. Walibishana mpaka wakalia. Mwisho alikubaliana na wenzake, lakini kwa sharti moja: watafute harusi, na watafute kwa bidii.

Na harusi nazo si rahisi. Zamani hapa kwetu harusi ilikuwa na kidumbaki uwanjani, wanawake wanacheza mpaka vumbi linapanda. Siku hizi DJ mmoja anakuja na spika mbili na flashi iliyojaa rusha roho, bei yake chini, na wimbo wowote unaoutaka anao. Halafu kuna jambo jingine, ambalo watu hulisema kwa kunong'ona: msichana na chombo. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na leo tunajivuna naye. Lakini wapigaji wake walikuwa wanaume. Kwa miaka mingi wanawake wetu waliimba huku vyombo vikiwa mikononi mwa wanaume. Ndiyo maana Bi Maryam Hamdani alipoanzisha kikundi cha Tausi mwaka 2009, wanawake watupu kwenye kuimba na kwenye kupiga, lilikuwa jambo kubwa. Hata baada ya hapo, msichana akipita njiani na fidla mgongoni, bado kuna anayegeuka kumtazama mara ya pili.

Basi mimi nilipoposwa, nilimwambia mdogo wangu kwa kinywa changu: "Harusi yangu mtapiga nyinyi. Sitaki mwengine." Alinikumbatia. Ilikuwa iwe harusi yao ya kwanza kubwa, wageni mia tatu, wanawake watupu. Walifanya mazoezi miezi miwili. Wakanitungia wimbo, wakanificha maneno yake ili nikausikie siku yenyewe.

Ilipobaki wiki moja, wifi yangu alikuja na ujumbe kutoka kwa mama mkwe. Maneno yalikuja kwa upole. Watakuwepo wazee, watu wazito, na hao wasichana imesikika waliwahi kupiga hotelini. Isije ikasemwa kuwa tumeoa kwenye nyumba ya namna hiyo. DJ wameshampata, wao ndio watakaomlipa.

Ningeweza kusema, "Mwambie mama nimeshaahidi." Ningeweza kumwambia kwamba hotelini waliondoka wenyewe. Sikusema. Nikajibu, "Sawa, hamna tabu," kwa sababu nilitaka kuingia nyumba ya watu kwa salama. Kisha nikamwachia shangazi awaambie wasichana. Shangazi akadhani mama ameshawaambia. Mama akadhani nimewaambia mimi. Nami nilijua fika kwamba sijawaambia, nikajifanya nina mambo mengi.

Siku ya harusi, saa kumi za jioni, walifika ukumbini na gari ndogo ya mizigo. Wamevaa sare, magauni ya kijani na mitandio ya dhahabu. Spika wamekodi kwa shilingi 120,000 walizochangishana. Wakakuta DJ ameshafunga zake. Walikaa uani karibu na masufuria ya biriani kama nusu saa, wakisubiri mtu atakayewaeleza. Aliyewaeleza mwishowe ni mpishi.

Wanne wakapakia vyombo wakarudi. Mdogo wangu hakurudi. Aliingia ndani na sare yake ileile, akanishikia gauni, akanifuta jasho usoni ili wanja usichuruzike, na hakunitazama machoni hata mara moja. Na ule muziki wa vyombo walioukataa ulikuja wote, ndani ya flashi. Rusha roho ilipigwa mpaka saa sita, na wale watu wazito walicheza.

Baada ya hapo hakukanyaga kwangu kwa miezi mingi. Alikuja siku ya arobaini ya mwanangu, akambeba, akamsomea dua, akataka kuondoka. Nikamzuia mlangoni nikamwomba radhi. Alichoniambia sijakisahau:

"Dada, mimi sikukasirika kwa sababu hatukupiga. Ungeniambia mapema kwamba wakwe hawataki, tungekuja kula biriani kama wageni wengine. Lakini ulituacha tuje. Unajua wa dumbak ameshaacha? Baba yake alimwambia, kama ndugu yenu mwenyewe amewaona si watu wa kukaa mbele za watu, wengine watawaonaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mimi nilidhani nimeahirisha jambo dogo la furaha. Kumbe kuna binti wa watu amefungiwa mlango kwa ajili yangu.

Nilikwenda kwa ustadha wangu wa madrasa, mama mtu mzima, nikitaka moyo utulie. Nilianza mbali. Nikamwuliza hukumu ya vyombo vya muziki, nikimweleza kwamba wapo wanaokataza, na wapo wanaoruhusu dufu peke yake kwenye harusi, na wapo waliopanua zaidi. Kwa kweli nilikuwa natafuta aniambie muziki haufai, ili nijiambie kwamba nilifanya vyema. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema: "Mwanangu, mimi ganuni siisikilizi. Huo ndio msimamo wangu, na wewe una wanazuoni wa kuwauliza. Lakini hebu niambie, uliwaahidi?" Nikasema ndiyo. "Wakaja, na gharama wakaingia?" Nikasema ndiyo. "Basi kwenye vyombo kuna ikhtilafu. Kwenye ahadi na jasho la mtu hakuna."

Nilirudi nyumbani nikatoa pesa nilizoweka za kununulia kabati. Nililipa zile 120,000, nauli ya gari, na ujira niliokuwa nimewaahidi, ingawa hawakupiga hata wimbo mmoja. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Watatu walinipokea. Kwa yule wa dumbak nilikaa na baba yake barazani, nikamwambia kosa lilikuwa langu na si la mwanawe. Alinitilia kahawa, akanishukuru kwa kuja. Binti hakurudi kwenye bendi. Nimeomba radhi, lakini lile sikuweza kulirudisha.

Dada zangu, kama unapanga harusi na unafikiria bendi ya wasichana, chukua haya kutoka kwangu.

Kaeni kwanza na pande zote mbili za familia kabla hujaahidi chochote. Ukoo ukiwa hautaki vyombo, hiyo ni haki yao, na hakuna ubaya kumwambia msanii hapana. Ukimwambia mapema, hutakuwa umemuudhi.

Pili, uliza wanachoweza kufanya. Bendi ya mdogo wangu sasa ina njia mbili: taarab yenye vyombo vyote, au dufu na sauti tu kwa familia zinazotaka hivyo. Simu zinakusanywa mlangoni, kwa hivyo wageni wanavua mabuibui na kukaa kwa raha, bila hofu ya kujiona mtandaoni asubuhi.

Tatu, andikianeni, hata ikiwa ni ndugu yako. Wao siku hizi hupokea nusu wakati wa kupatana, na nusu iliyobaki siku hiyohiyo kabla hawajapakia vyombo. Tuzo zinazotolewa wakati wa wimbo ni zawadi yao, zisihesabiwe kwenye ujira. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka, na usiseme "hawa ni wa nyumbani". Wa nyumbani ndio tunaowadhulumu kwa urahisi.

Wiki mbili zilizopita nilialikwa harusi ya upande wa mume wangu. Nilipoingia ukumbini nikaona mitandio ya dhahabu. Ni wao. Dumbak sasa anapiga msichana mwengine, kutoka Jang'ombe. Mama mkwe wangu alikuwa kiti cha pembeni yangu. Nilibana pumzi.

Wimbo wa tatu ulimtaja bibi harusi kwa jina, ukamtaja mama yake, ukamwombea nyumba yenye kheri na mlango usiofungwa kwa jamaa. Wanawake waliinuka mmoja mmoja kwenda kutunza, noti mkononi, wakitembea kwa madaha kama zamani. Mama mkwe hakuinuka. Lakini hakuondoka pia, na kidole chake kilikuwa kikifuata dumbak juu ya mkoba wake. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza, "Yule wa ganuni si ndiye mdogo wako?" Nikasema, "Ndiye, mama." Akanyamaza kidogo. "Mashaallah. Ana vidole vyepesi." Hakusema zaidi, nami sikumwongezea.

Usiku ule nilimpigia simu mdogo wangu kumpongeza. Nikamwambia wimbo wa tatu ulinitoa machozi.

"Ule ulikuwa wako, dada," akasema. "Tumebadilisha jina tu."

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zinazosema kweli mapema, azijaze baraka harusi za wote wanaosubiri, na azisamehe ahadi tulizozivunja tukidhani ni ndogo. Amin.