Kadi Mbili

Mwaka 2001, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, makato mapya yalitokea katika mishahara yetu: asilimia 3 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri akiongeza 3 nyingine. Wakufunzi walikuja ofisini kulalamika. Niliwatuliza kwa mdomo, lakini moyoni nililalamika pamoja nao.

Leo sina lalamiko. Nimestaafu, shinikizo la damu limenifanya mgeni wa kudumu wa kliniki, na kadi ile bado inatutibu, mimi na mke wangu.

Mdogo wangu ni mkulima, hana mshahara wa kukatwa. Watu wa namna yake waliwekewa Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake 2001. Alijiunga kwa hiari, akalipa miaka miwili. Kila alipokwenda zahanati aliambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Mwaka wa tatu akaacha. Mwaka wa nne ngiri ikambana, akauza ng'ombe wawili ili apasuliwe. Nilimkemea kwa uzembe wake. Akanijibu kwa upole, "Kaka, ningelipia tena kadi ya kuambiwa dawa hakuna?"

Mfuko huo uliboreshwa mwaka 2018: kwa Sh. 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita huko mikoani iliweza kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Mdogo wangu alirudi, akisema anajaribu mwaka mmoja tu. Kisha mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Nayapokea mageuzi haya kwa furaha. Ila ualimu ulinifunza kwamba daftari la mahudhurio lililojaa si ushahidi kuwa wanafunzi wameelewa somo. Ndivyo ilivyo bima. Tusihesabu waliopewa kadi tu. Tuhesabu pia walioondoka dirishani na dawa mkononi, na walioacha kulipa tuwaulize sababu.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mimi nilibaki katika bima kwa sababu nilikatwa, sikuulizwa. Mwenzangu alitoka kwa sababu aliipima, akaiona pungufu. Nilimkemea bure, nami nimekwisha kumwomba radhi.