Namba Iliyomsingizia Mama

Asilimia 6.7. Ndivyo kilivyosema kikaratasi alichorudi nacho mama kutoka kwenye vipimo, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikageuka zahanati. Chai ikanywewa bila sukari, wali ukapigwa marufuku, shangazi akamkataza mpaka embe. Mama mwenyewe akaacha kula usiku. "Mwanangu, mimi na sukari ndo basi tena," akaniambia, huku anahema kwa kupanda ngazi tatu tu za mlangoni.

Kuhema huko ndiko kulikonisumbua. Kwani sukari humfanya mtu viganja viwe vyeupe? Na ile pemba, udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito, mama wa miaka 46 asiye na mimba anaitafunia nini?

Nikamsindikiza kwa daktari mwingine, mama mmoja mpole. Huyu hakuanza na sukari. Alimvuta kope la chini akaangalia, akamwuliza habari za hedhi (mimi nikatazama dirishani, we acha tu), halafu akaagiza apimwe wingi wa damu na sukari ya asubuhi kabla hajala. Damu ilikuwa 7.8. Sukari ilikuwa 5.3, na kisukari kwa kipimo hicho huanzia 7.0.

Sasa ile 6.7 ilitoka wapi? Nilimwuliza, naye akanieleza. Kipimo kile, HbA1c, hakisomi sukari iliyomo kwenye damu leo. Kinasoma sukari iliyonasa kwenye himoglobini, iliyomo ndani ya chembe nyekundu. Chembe huishi siku kama 120, na sukari huinasa kidogo kidogo, kama vumbi la barabarani kwenye shati jeupe. Ndiyo maana hutoa habari za miezi miwili, mitatu, na ikifika 6.5 mtu huambiwa ana kisukari. Lakini mwili ukiishiwa madini ya chuma, chembe mpya hutengenezwa kwa shida, na nyingi zinazozunguka huwa kongwe. Shati lililovaliwa siku nyingi hubeba vumbi zaidi, japo barabara ni ile ile.

Mambo hugeuka pia. Mwenye seli mundu, au ambaye malaria imevunja chembe zake, hubaki na chembe changa, na namba yake yaweza kushuka ikamficha mgonjwa wa kweli. Shirika la Afya Duniani lilipokikubali kipimo hiki mwaka 2011 kwa kutambua kisukari, liliweka sharti kwamba mpimwaji asiwe na hali ya kukipotosha. Kwetu huku, hali hizo si za kutafuta kwa tochi! Kumwuliza mtu habari za damu yake kabla ya kumtangazia kisukari kungegharimu nini?

Mama akapewa vidonge vya chuma, ameze na maji ya machungwa, chai isubiri. Choo kikawa cheusi, akatishika, akaelezwa kwamba ni vidonge. Baada ya miezi minne damu ikafika 12.1, na ile namba ikashuka hadi 5.8. Bado iko juu kidogo, kwa hiyo atapimwa kila mwaka.

Chanzo cha damu kupotea ni uvimbe kwenye kizazi. Siku ya upasuaji imepangwa, na tumeambiwa tupeleke watu wawili wa kuchangia damu. Mmoja ni mimi. Wa pili bado tunamtafuta.