Nani Kasema Uhandisi ni wa Wanaume?

Msomaji mpenzi, kama hujawahi kufika Kware, hebu nikuelekeze. Ukiteremka kwenye matatu pale Pipeline, Embakasi, fuata njia inayopita katikati ya magorofa yaliyosongamana hata jua la mchana hushindwa kufika chini. Nguo zilizoanikwa kwenye baranda zitakudondokea maji, na vijana wa mikokoteni watakupigia mluzi ujitoe njiani. Jina lenyewe la mtaa ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, lililotamkwa kwa ulimi wetu likawa Kware. Mawe ndiyo yaliyoupa mtaa jina, na leo mawe hayo hayo yamepangwa moja juu ya jingine hadi ghorofa ya saba na zaidi.

Mimi naishi ghorofa ya tano. Usiku nikisikia kishindo, mawazo yangu ya kwanza si ya mwizi. Mnamo Juni 2017, jengo la ghorofa saba liliporomoka papa hapa Kware. Nyufa zilikuwa zimeonekana mapema na wapangaji wengi wakatoka, lakini si wote walionusurika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2016, jengo jingine lilianguka kule Huruma na kuua takriban watu 50. Kwa hivyo kwetu sisi mhandisi si mtu wa kusikika redioni tu. Ni yule ambaye akifanya kazi yake sawasawa, mimi na watoto wa jirani tutaamka kesho.

Sasa nikuulize. Ukifumba macho na kumfikiria huyo mhandisi, mwenye kofia ngumu kichwani na ramani mkononi, unamwona nani? Bila shaka unamwona mwanamume. Na hapo ndipo penye kisa changu cha leo.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ni mwashi. Mkewe anauza mboga karibu na lango la ploti yetu. Binti yao alipokuwa Gredi ya 9 ilifika zamu yake ya kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu, na kama ujuavyo, mikondo ni mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na michezo. Msichana akasema anataka kuwa mhandisi wa umeme. Babake akakataa katakata. Mama akapanda ngazi hadi kwangu jioni moja, fomu mkononi, akaniambia, "Wewe ni mtu wa magazeti. Njoo uzungumze na baba yake, mimi ameshanichosha."

Nilishuka nikidhani nitamkuta mzee anayeamini wasichana hawana akili ya hesabu. La hasha! Alinikaribisha chai, kisha akasema, "Mwalimu wake amesema hesabu anazijua kuliko wavulana. Lakini mimi nimefanya kazi ya mjengo miaka ishirini. Naijua midomo ya wanaume wa mjengo. Na karo je? Nimsomeshe miaka yote hiyo, halafu aje akose kazi kwa sababu ni mwanamke?"

Msomaji, hayo si maneno ya ujinga. Ni hofu ya mzazi, na hofu haiondolewi kwa kelele. Nikaona heri nimsimulie habari za mwanamke mmoja wa hapa jirani, Uganda.

Alikoanzia, alikofika

Jina lake ni Mhandisi Dorothy Okello. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Makerere, akaenda Marekani kuchukua shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Kansas, kisha akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Alirudi Makerere kufundisha. Mnamo 2016 alifanywa rais wa taasisi ya wahandisi wa taaluma ya Uganda, ijulikanayo kwa ufupi kama UIPE. Taasisi hiyo ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 40 bila kuongozwa na mwanamke hata mmoja. Baadaye akawa mkuu wa Shule ya Uhandisi pale pale Makerere.

Ukiisoma historia hiyo haraka haraka utadhani ni ngazi iliyonyooka. Lakini kuna jambo moja katikati ambalo naliona kubwa kuliko vyeo vyote. Mwaka wa 2000, Bi Okello alianzisha mtandao wa wanawake wa Uganda uitwao WOUGNET. Wakati ule simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wenye nacho, na intaneti ilikuwa ya ofisi chache za mjini. Mtandao huo ukajitwika kazi ya kuwafikishia wanawake teknolojia hiyo, hata wale wa mashambani. Kule Apac, kaskazini mwa Uganda, vikundi vya akina mama wakulima walitumia redio na simu kupata habari za kilimo.

Unaona maana yake? Mtu aliyebobea katika mawasiliano yasiyotumia nyaya hakuishia kuandika hesabu ubaoni. Aliuliza swali ambalo wengi hawakuliuliza: mawimbi haya yatamsaidiaje mama mwenye jembe? Ndiyo faida ya kuwa na vichwa vya aina mbalimbali katika kazi moja. Mtu huona tatizo analolijua. Mwanamke aliyewahi kupanda hadi ghorofa ya tano na mtungi wa maji mkononi na mtoto mgongoni, akipewa kalamu ya kuchora jengo, atauliza habari za mabomba ya maji na upana wa ngazi kabla ya kuuliza rangi ya lango.

Jambo la pili: taasisi kama hiyo ni ya wahandisi wenyewe, na wengi wao ni wanaume. Huwezi kuwaongoza kwa kuhurumiwa. Walimkabidhi kiti mtu waliyemfahamu kwa kazi yake.

Wala si wao peke yao

Usifikiri kuchelewa huko ni aibu ya Waafrika tu. Taasisi ya wahandisi wa ujenzi ya Uingereza iliundwa London mwaka wa 1818. Mwanamke wa kwanza kuwa rais wake, Jean Venables, aliingia ofisini 2008. Hesabu mwenyewe: miaka 190! Nigeria, ambayo chama chake cha wahandisi kilianzishwa 1958, ilimpata rais wa kwanza mwanamke, Margaret Oguntala, mwaka wa 2024. Hapa kwetu Kenya, Bodi ya Wahandisi iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2011 ndiyo inayosajili wahandisi na kuwaadhibu wanaokiuka maadili, na Mhandisi Margaret Ogai amehudumu kama msajili wake. Yaani mwanamke ameishika daftari ile ambayo jina la mwanamume lisipokuwamo, hana ruhusa ya kujiita mhandisi.

Tena, jambo hili lina mizizi Nairobi. Kabla ya Makerere kufungua kitivo chake cha teknolojia mwaka wa 1970, na Dar es Salaam kufungua chake cha uhandisi 1973, vijana wa Afrika Mashariki waliotaka shahada ya uhandisi bila kuvuka bahari walikuja kusoma hapa, katika chuo kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza 1956 na kuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Itakuwaje basi wasichana wa Eastlands, ambao chuo hicho wanakifikia kwa matatu moja tu, waambiwe elimu hiyo si yao?

Neno kwa wazazi

Yule mwashi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hivyo akihitimu, ndiye atakayekuja kuniambia nibomoe ukuta?"

Mkewe akadakia, "Ukiujenga ukapinda, ndiye!"

Tulicheka sote, na msichana aliyekuwa anajifanya kusoma kwenye kona akacheka kuliko sisi. Fomu ilijazwa usiku ule ule, mkondo wa sayansi ukiwa wa kwanza. Sikumwahidi baba mtu kwamba midomo ya mjengo imefungwa, maana haijafungwa. Wala karo haijapungua. Nilimwambia tu kwamba midomo hiyo itanyamaza siku wanawake watakapokuwa wengi pale, na hawatakuwa wengi iwapo kila baba atamrudisha binti yake mlangoni.

Nawe mzazi unayesoma haya baada ya ibada au ukingojea chakula cha mchana, tazama nyumbani kwako. Kijana wako wa kiume akirudi shuleni anafungua kitabu, na dada yake anashika sufuria. Matokeo yakitoka mnasema msichana hapendi hesabu. Angezipenda saa ngapi? Gawanya vyombo vya kuosha sawasawa, kisha ulinganishe alama. Uliza pia kama shule unayomchagulia ina maabara na mwalimu wa Fizikia, si jina kubwa tu.

Nawe mwanafunzi, usidanganyike kwamba njia ni fupi. Hisabati na Fizikia hazikwepeki. Baada ya chuo kikuu, utasajiliwa kwanza kama mhitimu, ufanye kazi miaka kadhaa chini ya wahandisi waliokomaa, ndipo upimwe na bodi. Makerere tangu 1990 iliwaongezea wasichana pointi 1.5 wanapoomba nafasi, na wako waliobeza. Lakini pointi hizo zilifungua lango tu. Mtihani wa ndani ulikuwa ule ule kwa wote, na daraja halimuulizi aliyelichora kama ni bibi au bwana.

Kware bado inajengwa, msomaji. Hata ninapoandika, mchanga unamwagwa upande wa pili wa njia na ghorofa nyingine inaanza kupanda. Hatujui nani ataikagua ile itakayojengwa miaka kumi ijayo. Mimi ningependa awe mtu aliyekulia humu, anayejua jinsi ngazi hizi zinavyotetemeka. Kama ni binti wa mwashi wa ghorofa ya tatu, mimi nitalala usingizi mzuri zaidi.