Kuweka Pesa ni Rahisi, Kuzitoa Je?

Hapa Ngong vijana hucheza poka kwa simu wakisubiri matatu. Mpwa wangu wa Kitengela alishinda shilingi 12,000, akaambiwa atume kwanza 2,000 za kodi ndipo alipwe. Akachomoa pesa za karo, akatuma. Hadi leo anangoja. Kampuni halali huikata kodi yenyewe, haikuombi uitume!

Basi ukishafika miaka 18 na huwezi kujizuia, ulizia leseni kwanza, na kama bado ni hai. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, SportPesa ikiwemo. Kisha weka shilingi 100, uzitoe siku hiyo hiyo. Ukianza kuzungushwa, mia hiyo waachie.