Kwa Baiskeli Kutoka Nyeri Hadi Nanyuki

Kati ya Nyeri na Nanyuki ni mwendo wa kilomita 60 hivi, na motokaa huumaliza upesi hata abiria asijue alipopita. Mwenye baiskeli huhitaji sehemu kubwa ya siku, lakini huijua nchi kwa miguu yake, maana kila mwinuko humtoza jasho.

Yafaa aondoke saa kumi na mbili alfajiri, akiwa na pampu, viraka na gundi. Wakati huo Mlima Kenya huwa wazi upande wa kuume, na kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, huonekana cheusi juu ya misitu. Barafu aliyoikanyaga Mackinder mwaka 1899, alipokuwa mtu wa kwanza kujulikana kukifikia kilele hicho, sasa imebaki kidogo sana. Ifikapo saa nne, mara nyingi mawingu huwa yamekwisha kuufunika mlima, na aliyechelewa kulala ataambiwa tu kwamba upo pale.

Safari huanza penye kahawa na migomba. Kiganjo ndipo ilipo stesheni ya Nyeri, kwa kuwa reli haikuingia mjini. Treni ya abiria ya kwenda Nanyuki, iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi, ilirudishwa mwaka 2020. Baada ya Kiganjo nchi hufunguka na barabara hupanda. Baiskeli ya chuma isiyo na gia, yenye kiti cha mizigo nyuma, haina huruma hapo. Wengi hushuka wakaisukuma, wala hapana aibu.

Mpandaji huyo asiyejua atadhani anapanda kilima tu. Kumbe anavuka mpaka wa maji. Mto Thego aliouacha nyuma huingia Sagana, kisha Tana, mpaka Bahari ya Hindi. Lakini mto Naro Moru ulio mbele, na Burguret baada yake, hauna habari na bahari. Huingia Ewaso Nyiro, ukapita nchi ya Wasamburu, ukaishia katika kinamasi cha Lorian kule kwenye ukame. Hewa nayo hubadilika: midomo hukauka na majani huwa ya manjano, kwa sababu mlima wenyewe huzuia mvua itokayo baharini.

Hapo ndipo penye jambo. Sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mengi yaligawanywa, na leo barabarani huonekana kabichi, viazi na vitunguu, na mahali pengine maua ya kupelekwa Ulaya. Vyote hunywa mito ile ile. Katika miaka ya kiangazi kikali Ewaso Nyiro imepata kukauka kabisa karibu na Archer's Post, wafugaji wakachimba mchangani kutafuta maji ya mifugo. Vyama vya watumiaji wa maji, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2002, hugawa zamu. Afunguaye bomba usiku pasipo zamu yake hamwibii jirani peke yake. Amemwibia mtu wa mbali ambaye hataonana naye maisha.

Karibu na Nanyuki kuna kibao cha ikweta. Vijana walio na karai lenye tundu humwonyesha mgeni maji yakizunguka huku upande mmoja, na kule upande mwingine. Ni mchezo mzuri, na ujira wao wameufanyia kazi, ila maji ya karai hufuata mkono wa aliyeyamimina, si ikweta.

Jina la Nanyuki latokana na Kimaasai. Mjini chai ya maziwa haikosi, na mafundi wa baiskeli wapo. Ambaye miguu yake imekataa kurudi apatane na utingo wa matatu, baiskeli ifungwe juu ya paa, naye afike Nyeri kabla ya giza.