Jina la Fundi



Juma hili nawaalika tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Wengi wetu huipita haraka, kwa kuwa imezungukwa na vipimo na vyombo vya hema takatifu. Humo Mungu anamwita mtu kwa jina lake: Besaleli, mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Hakuwa nabii, wala kuhani, wala mfalme. Alikuwa fundi wa dhahabu, mawe na mbao, na Maandiko yanasema alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Mwenzake naye anatajwa, Oholiabu wa kabila la Dani. Majina ya mafundi hawa wawili yamehifadhiwa, ilhali Farao aliyewatesa Waisraeli, pamoja na majeshi na magari yake yote, kitabu hicho hakimtaji kwa jina hata mara moja.

Mji wetu umefanya kinyume chake. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni kazi ya mikono isiyohesabika, lakini majina yanayokumbukwa zaidi ni ya wenye mali. Tazameni milango. Kwenye kizingiti cha juu mara nyingi mtakuta mwaka na maneno ya Kurani. Mkazi wa mtaa atawaambia nyumba ilikuwa ya tajiri gani. Mchongaji aliyeinama juu ya mti ule kwa miezi hatajwi.

Chukueni pia kadi za picha zilizosambaza sura ya Zanzibar duniani mwanzoni mwa karne iliyopita. Nyingi zilitolewa na Wagoa: A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho, na wengineo. Zilikuwa biashara ndogo za mafundi wa picha, nao walichapa majina yao kwenye kadi, kama ilivyo haki yao. Lakini yule dada aliyesimama mbele ya kamera, kanga imemkaa vizuri, aliitwa tu mwanamke wa Kiswahili. Na ile kanga yenyewe? Pwani nzima inaijua alama ya Mali ya Abdulla, ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza Mombasa mwaka 1887. Simlaumu mfanyabiashara huyo. Jina lake lilikuwa dhamana, na mwanamke aliyenunua alijua kwamba rangi haitachuja. Hata hivyo nakuta ajabu moja: msemo ulioandikwa kwenye kanga sisi huuita jina, yaani kitambaa chenyewe kina jina, mwuzaji ana jina, na aliyechora pindo na mji hana.

Lipo pia tukio la upande wa pili. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mtindo wake Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Jina lake likawa kubwa kiasi kwamba leo ukipita mtaa wa Gizenga kila picha ya twiga na ndege huitwa tingatinga, na mkono wa kijana aliyeichora umefunikwa na jina la marehemu.

Basi, yupo binti mmoja katika parokia yetu, ambaye simtaji kwa ombi lake mwenyewe, anayeendesha chapa ndogo ya mikoba. Vijana tisa wa mjini hufanya kazi naye. Wawili ni Wakristo, saba ni Waislamu. Miyaa hukaushwa, huchemshwa na rangi, husukwa ukili mrefu, na ukili huo ndio unaoshonwa kuwa mkoba, kisha kutiwa bitana ya kanga. Ndani ya kila mkoba hushonwa kipande cha kitambaa, upana wa vidole viwili, chenye jina la aliyeutengeneza na mtaa wake: Jang'ombe, Kikwajuni, Mwembeladu. Nilipomwuliza kwa nini, alisema alichoka kusikia wageni wakiuliza kama mikoba ile imetoka China.

Si yeye wa kwanza katika njia hiyo. Kina mama wa Sasik walishona mito yao hapa mjini kabla yake, na mradi wa Upendo uliotokana na ndugu zetu Walutheri umewakalisha wanawake Wakristo na Waislamu mbele ya cherehani kwa pamoja. Ugumu wa kazi hii wanaujua wote. Watalii hujaa Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Masika yakifika, Aprili na Mei, hoteli nyingine hufunga kabisa, lakini watoto wanaendelea kula. Mwaka 2020, ndege za wageni zilipositishwa kwa sababu ya korona, waliokuwa na akiba ya miezi miwili walionekana matajiri.

Juma lililopita alinijia na barua. Hoteli moja ya pwani inataka mikoba 300, nusu ya fedha italipwa kabla, kazi ifanyike masika yote. Sharti ni moja: kitambaa chenye jina la fundi kiondolewe, iwekwe nembo ya hoteli. Mgeni, barua ilieleza, anataka ukumbusho wa mahali alipolala.

“Padre,” aliniambia, “nimewauliza wenyewe. Mmoja kasema jina halinunui unga. Mwenzake kasema mama yake amesuka ukili miaka thelathini na hakuna anayejua kama yupo.”

Nakiri kwamba wa kwanza alinigusa zaidi. Papa Leo XIII aliandika Rerum Novarum mwaka 1891 kuhusu ujira wa haki. Alipochaguliwa mwaka 2025, Papa Leo XIV alieleza kwamba waraka huo ni sababu mojawapo ya kulichukua jina hilo. Mtume Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, wala hatufundishi kwamba kelele hiyo inanyamazishwa kwa kumshonea mtu lebo. Nimekwisha kuona bidhaa zenye picha ya mama anayetabasamu na hadithi ya maisha yake, na mama huyo analipwa pungufu ya bei ya karatasi iliyochapwa tabasamu lake. Kwa hiyo nilimwomba binti anioneshe daftari. Malipo ya fundi yalikuwa safu ya kwanza, kabla ya kodi ya chumba na nauli ya daladala. Hapo ndipo niliweza kuzungumza juu ya majina.

Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, anafundisha kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Wamisionari waliofika hapa na Padre Armand Fava Desemba 1860 walifungua karakana kwa ajili ya vijana waliokombolewa utumwani, na kanisa kuu letu limewekwa chini ya mtakatifu aliyekuwa seremala. Kijana aliyenunuliwa sokoni kama mzigo, akifundishwa useremala, alipaswa kuitwa kwa jina lake. Sioni kwamba hilo limepungua uzito.

Sikumwambia akubali wala akatae, kwa sababu majina yale si yake wala si yangu. Niliwaazima ukumbi wa parokia Jumamosi, wakakaa wote tisa kuanzia baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, na nilisikia sauti zikipanda. Waliamua hivi: nembo ya hoteli ikae nje, mahali pa kuonekana, na kitambaa cha jina kibaki ndani, chini ya mfuko wa bitana. Wasipokubaliwa, watashona 100 tu bila majina, kwa bei ya juu, ili kila nyumba ivuke masika. Aliyesema jina halinunui unga ndiye aliyependekeza hiyo bei.

Jibu la hoteli halijafika. Nawaomba muwakumbuke katika sala, kwani miyaa imekwisha kununuliwa kwa fedha za upatu.